Kunguni wa Kabiro

Mwizi aliyeingia Uchochoro alikuwa na adabu ya ajabu. Aliingia mchana, akapitia mlangoni, hakuvunja kitu, na katika nyumba nzima akaondoka na mtu mmoja tu.

Hivyo ndivyo Inspekta Nyawira alivyolielewa jambo lile baada ya kuelezwa mara mbili, na lilimwasha kama upele. Kazini, kwenye kitengo cha uhalifu wa mtandao, walimwita Inspekta Mbona. Walidhani hajui.

Uchochoro ilikuwa tovuti ya habari, na makao yake yalikuwa chumba kimoja juu ya duka la unga huko Soweto East, ule upande wa Kibera wenye magorofa mapya. Watu wa Kibera na Kawangware walijisajili humo, wakafungua akaunti, wakaandika yale ambayo magazeti makubwa hayana muda nayo: bomba lililopasuka, jaa la taka lililohamia mlangoni pa shule, mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha aliyeng'oa mlango wa choo. Waliandika kwa majina ya kubuni. Majina yao ya kweli na nambari zao za simu zilikaa ndani, mahali ambapo ni mhariri na fundi wake wa mitambo tu wangeweza kufika. Ilikuwa hivyo mpaka Jumanne. Leo ilikuwa Alhamisi.

"Ni Kunguni, Madam," alisema Christine Oloo, mhariri na mwanzilishi wa tovuti hiyo. Macho yake yalikuwa mekundu. "Wamemchukua Kunguni."

"Wamempeleka wapi?"

"Hata sijui kama wamempeleka mahali. Sijui hata ni nani. Alikuwa anajiita Kunguni wa Kabiro, basi. Jumanne mtu ameingia na akaunti yangu, na sasa akaunti ya Kunguni haiko. Stori zake haziko. Kila kitu."

"Hukuwahi kuangalia jina lake la kweli?"

"Niliapa sitawahi angalia ya mtu. Ndiyo maana wananiamini." Akafuta pua. "Walikuwa wananiamini."

Alichukua simu yake akamwonyesha Nyawira picha moja aliyokuwa ameihifadhi. Ilikuwa picha ya nguzo nene ya zege ndani ya chumba chenye giza, mita za stima zimepangwa ukutani kando yake. Nguzo ilikuwa na ufa kutoka juu hadi chini, ufa wa kutia mkono. Kunguni aliandika kwamba nguzo hiyo iko chini ya ploti ya Mzee Kiarie huko Kabiro, Kawangware, na kwamba juu ya nguzo hiyo mzee anaongeza orofa ya tano huku watu wamelala ndani. Picha ilipotoka, maafisa wa ujenzi walifika na kazi ya mjengo ikasimamishwa. Kiarie naye akawakusanya wapangaji wake uani akawaambia kwamba picha ni ya jengo lingine, na kwamba siku atakayomjua huyo Kunguni, atamtupa nje na watoto wake na godoro lake, na vijana wa mjengo watamalizia kazi.

"Sasa kama ni yeye amepata hilo jina?" Christine aliuliza. "Huyo mtu ako na familia, Madam. Lazima ako nayo."

Nyawira alichukua njugu moja kwenye karatasi aliyokuwa ameishika, akaila, akamgeukia kijana aliyekuwa kwenye kona akifuta kibodi iliyokuwa safi tangu zamani. Huyo alikuwa Wanzala, fundi wa mitambo wa Uchochoro.

"Wanzala, aliingiaje?"

"Hakuhaki, Madam, hakuvunja mfumo. Aliingia poa tu." Wanzala aligeuza skrini. "Alienda kwa ukurasa wa mhariri, akabonyeza 'Umesahau nenosiri?' Sasa mfumo ukatuma linki kwa email ya zamani ya Christine. Jamaa akafungua hiyo email, akapata linki, akabadilisha paswadi, akaingia."

"Kuifungua hiyo email, alijaribu mara ngapi?"

Wanzala alikuna shingo. "Mara moja. Paswadi ya kwanza, ikakubali."

"Na akishaingia, alinakili majina ya wangapi?"

"Hakuna. Hakushusha kitu. Alifuta akaunti moja akatoka."

"Mbona afute?"

Simu ya Wanzala iliita juu ya meza, naye akaigeuza kifudifudi haraka kuliko mtu anavyoigeuza simu ya mamake. Hata hivyo Nyawira alikuwa ameshaona jina: Mzee K.

Mwenye kuku akipiga kelele, mwizi hutoroka. Alimwomba Christine ile anwani ya zamani, naye Christine akaiandika: christineoloo.lindi, halafu mambo mengine ya kawaida.

"Mbona Lindi?"

"Si nilikuwa naishi huko, Lindi ya hapa Kibera, nikimaliza shule. Nilifunguliwa hiyo email nikitafuta kazi. Hata siitumii. Niliiacha tu hapo kama ya akiba."

Kampuni ya simu ilikuwa imeombwa kumbukumbu za mtu aliyeingia, na kampuni ya simu ingejibu wakati wake, baada ya wiki kadhaa. Nyawira alizitia njugu mfukoni akaenda Kabiro.

Ploti ya Kiarie ilikuwa ndefu na nyembamba, orofa nne zilizokaliwa na ya tano ikiwa nondo tupu zilizoelekea angani. Mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki langoni, kofia ya ngozi kichwani, akiangalia nani anaingia na nani anatoka. Juu yake palikuwa na kibao kilichochorwa kwa rangi nyekundu: VYUMBA VIPO. MALALAMIKO YOTE YATUMWE KWA EMAIL YA KEATEKA. Chini yake palikuwa na anwani. Nyawira alidhani ni mzaha, lakini Kiarie alimweleza kwa fahari kwamba yeye ni mtu wa kisasa, na kwamba tangu aweke kibao hicho hajapokea lalamiko hata moja.

"Nyawira? Kumbe ni msichana wa nyumbani," alisema alipoona kitambulisho.

"Nyumbani ni mbali, mzee. Hapa niko kazini. Unamjua Kunguni?"

"Si hiyo ndiyo mngeniambia nyinyi! Serikali nzima, makompyuta yote hayo, na mnakuja kuuliza mimi?" Kiarie alitema mate kando. "Sikiza, mami. Mimi nilikuwa nipate hilo jina kesho. Kuna kijana aliniahidi. Sasa tangu jana nikipiga simu hashiki. Ukimpata kabla yangu, usinisahau. Niko na chai ya kutosha."

Mtu anaposema hivyo mbele ya polisi bila kupepesa jicho, ama ni mjinga ama hajawahi kushtakiwa. Nyawira alipima akaona ni hiyo ya pili. Lakini lililomfanya asimame palepale na njugu mkononi lilikuwa jambo lingine. Mzee huyu bado alikuwa anatafuta jina. Kama angekuwa nalo, angekuwa saa hii anatupa godoro la mtu nje.

"Ningependa kuona hiyo nguzo," alisema.

"Mwonyeshe, Mutunga! Hapa hatufichi kitu."

Mutunga alikuwa ndiye keateka, msimamizi wa ploti. Mtu mwembamba wa makamo, miguuni gamubuti, kiunoni rundo la funguo. Alimtangulia Nyawira kwenye korido ya chini, akapita mlango wa chumba ambacho nje yake jozi tatu za viatu vidogo vya shule zilikuwa zimeanikwa juu ya ndoo, akafungua kufuli la chumba kilichofuata. Mita za stima zilikuwa pale ukutani, zimepangwa vilevile. Nguzo nayo ilikuwa pale, lakini ilikuwa imepigwa plasta mpya na kupakwa chokaa, nyeupe kama jino la mtoto. Chumba kilinuka saruji mbichi. Nyundo ya fundi na karai vilikuwa vimeachwa sakafuni.

"Nani ana ufunguo wa hapa?"

"Ni mimi na mzee tu."

"Na wapangaji?"

"Mpangaji akiingia hapa, Madam, atajiunganishia stima ya bure."

"Mafundi?"

"Wakiingia, simu zinabaki nje. Mzee ndio alisema hivyo, tangu mjengo uanze. Hapendi mambo ya picha."

Aliyajibu yote hayo akiitazama nguzo, si Nyawira. Upande wa pili wa ukuta, mtoto alikohoa, na Mutunga akageuza kichwa kidogo.

"Ni wako?"

"Ni kifunga mimba wetu. Chumba chetu ndio hiki kimepakana."

Wakati wa kutoka Nyawira alisimama tena chini ya kile kibao, akasoma anwani ya keateka aliyokuwa ameipita tu mwanzoni. mutunga.lindi. Alisoma mara ya pili.

"Mbona Lindi, na wewe uko Kabiro?"

"Aah, hiyo ni ya kitambo. Nilikuwa naishi Kibera. Jamaa wa saiba, pale pa kompyuta, ndiye aliniwekea hivyo."

Nyawira alishukuru akaenda zake. Alipofika kwenye kona, alipiga simu.

"Wanzala. Mzee Kiarie anakusalimia. Anasema hushiki simu zake."

Wanzala alisikika akifunga mlango taratibu.

"Madam, mimi sikufanya kitu. Naapa. Alisema atanipatia nafasi ya duka hapo mbele, nifungue ya kutengeneza simu. Nilikuwa nimtolee hilo jina. Lakini kuingia jana kuangalia, nikapata halipo. Limefutwa. Sasa nitamwambia nini mzee? Ndiyo maana sishiki."

"Kwa hivyo ulienda kuiba ukapata mwizi amekutangulia."

"…Ndio, Madam."

"Mpe Christine funguo zote za hiyo mitambo sasa hivi, halafu unitafute ofisini kwangu. Ukitoroka nitakutafuta mimi, na mimi huuliza maswali mengi."

Alikata simu, na moyo wake ulikuwa mwepesi jinsi ambavyo haikufaa, kwa sababu sasa jambo lilikuwa tamu. Watu wawili walilitaka lile jina, Kiarie na Wanzala, na hakuna kati yao aliyelipata. Wa tatu alilifikia, akaliona mbele yake, na badala ya kulichukua akalifuta. Anayetaka kujua jina hulinakili. Ni nani basi hutaka jina lifutike?

Lindi ni kule chini, upande mwingine wa Kibera, mabati kwa mabati. Hakuulizia sana. Kila mtu alijua saiba ya Mwalimu Osewe, ingawa Osewe hakuwahi kufundisha darasa lolote. Walimwita hivyo kwa sababu aliwaonyesha watu kompyuta bila kuwafokea. Ilikuwa na kompyuta tatu, mashine ya fotokopi iliyoguna kama mzee anayeamshwa, na benchi la watu wanaosubiri. Nyawira aliketi mwisho wa benchi.

Akina mama wawili mbele yake walikuwa wanasubiri kujaza maombi ya basari ya shule. Mara akaingia msichana wa saluni, mikono bado ina mafuta.

"Mwalimu, nimesahau paswadi yangu."

Osewe hata hakuinua kichwa. Benchi zima lilimjibu kwa pamoja, kama waumini kanisani:

"Bwana asifiwe!"

"Na moja mwisho," akaongeza mama mmoja.

"Aki asanteni," msichana akasema, akaketi kwenye kompyuta.

Nyawira alicheka mpaka akapaliwa na njugu. Kisha polepole akaacha kucheka.

"Mwalimu Osewe," alisema, akionyesha kitambulisho. "Hawa wote wana paswadi moja?"

Osewe alikuwa mtu mnene, miwani imefungwa kwa uzi. Alikitazama kitambulisho, akalitazama benchi, akaona hakuna pa kukimbilia. "Madam, usiniangalie hivyo. Kitambo kila mtu alikuwa na yake. Wanasahau. Wanarudi hapa wakilia, kazi imempita mtu, ya serikali, juu ya paswadi. Nikasema, wacha tuwe na moja. Ni kama ufunguo wa choo cha ploti. Unaning'inia kwa msumari, kila mtu anajua uko wapi. Na salamu ya Bwana nani anaweza sahau?"

"Na hiyo Lindi mwisho wa kila email?"

"Hiyo ni ndiyo wajue walifunguliwa wapi. Fundi wa viti si huchonga alama yake?"

"Umefungulia wangapi?"

"Ai, Madam. Lindi nzima. Hata wenye walihama."

"Na kuna mmoja amewahi kubadilisha?"

Osewe aliangalia benchi. Benchi liliangalia miguu yake.

Nyawira alitoa simu yake, akafungua ukurasa wa mhariri wa Uchochoro, akabonyeza "Umesahau nenosiri?" kama mtu yeyote angeweza kufanya. Skrini ikamjibu kwa upole kwamba kiungo kimetumwa kwenye anwani inayoanza na chr, ikafuata mistari ya nyota, na mwisho, bila kufichwa, .lindi. Hapo ndipo alipoliona jambo zima. Mtu wa kawaida angeona nyota tu. Mtu aliyefunguliwa barua pepe na Osewe angejazia jina la mhariri pale penye nyota, akaona mlango anaoujua, na ufunguo ukining'inia kwa msumari.

Lakini Lindi nzima iliujua mlango huo. Ni nani katika Lindi nzima aliyekuwa pia na ufunguo wa chumba cha mita, na simu mkononi, mahali ambapo mafundi waliingia bila simu? Kiarie hakujipiga picha mwenyewe. Alibaki mmoja, mwenye rundo la funguo kiunoni.

Swali lililobaki lilikuwa lake la siku zote. Mbona? Akampigia Christine.

"Angalia kwenye ujumbe wa wasomaji. Kuna mtu amewahi kuomba afutiwe akaunti?"

"Sidhani, ningeona… Ngoja." Alisikika akibonyeza, akibonyeza, kisha akaacha. Aliposema tena sauti yake ilikuwa ndogo. "Ziko mbili. Zimekaa katikati ya matangazo. Zimetoka kwa Kunguni. 'Tafadhali nifutieni akaunti, nasikia jina langu linatafutwa.' Na nyingine, 'Tafadhali, niko na watoto.' Madam, sikuzifungua. Nilikuwa busy natafuta wasomaji wapya."

Nyawira hakumtuliza. Kuna wakati mtu anapaswa kukaa na jambo lake. "Badilisha nenosiri lako sasa, uiondoe kabisa hiyo email ya Lindi," alisema. "Halafu waandikie wasomaji wako wote uwaambie ukweli, kwamba mlango ulikuwa wazi, na wabadilishe nao. Na uweke mahali mtu anaweza kujifuta mwenyewe bila kukubembeleza."

Nyuma yake Osewe alikuwa amezima fotokopi. "Haya," aliwaambia watu wake. "Kuanzia leo kila mtu na yake. Na hakuna kuambia jirani. Hata mimi msiniambie." Benchi liliguna kama limeambiwa maji yamepotea.

Aliporudi Kabiro jua lilikuwa bado kali, na kwenye orofa ya tano mafundi walikuwa kazini. Mifuko ya saruji ilikuwa inapandishwa kwa kamba. Kiarie hakuwepo langoni. Kiti chake kilikuwa kitupu. Mutunga alikuwa uani, kwenye mfereji, akijaza mtungi, huku wanawake kadhaa wakifua nguo karibu naye. Alipomwona Nyawira aliacha maji yamwagike.

Walisogea pembeni, chini ya kamba ya nguo.

"Bwana asifiwe," Nyawira alisema kwa sauti ya chini. "Na moja mwisho."

Mutunga hakukana. Mabega yake yalishuka kama ya mtu aliyetua gunia.

"Niliwaandikia, Madam. Mara mbili. Nilisikia mzee kwa simu akisema atapewa jina Ijumaa. Nikawaandikia wanitoe, wakanyamaza. Ningefanya aje? Ningeenda huko Kibera niseme ni mimi? Siri ukiambia mmoja ni kama umeambia soko. Nikashika simu nikaanza kubonyeza tu, kila mahali, natafuta pa kujitoa. Ndiyo nikaona ile Lindi."

"Uliona majina ya wengine?"

"Sikuangalia. Watoto wangu hawa." Alielekeza mkono koridoni, kwenye zile jozi tatu za viatu juu ya ndoo. "Sikuangalia la mtu. Nilitafuta langu, nikalifuta, nikatoka. Lakini sikujua picha zinaenda na jina. Zimeenda zote. Mzee ameona haziko, akasema wale maafisa walikosea, na leo mafundi wamerudi. Nimejiokoa mimi nikaua nyumba nzima."

Akainua macho juu, zilikokuwa zile kamba zenye mifuko. "Usiku ile nguzo huwa inalia. Sauti ndogo hivi, kama mtu anavunja njugu. Mama watoto anasema ni panya. Na nikisema kwa jina langu, kesho tuko nje, na atakayekuja kuwa keateka hatasema. Unanishika, Madam?"

Nyawira aliitazama karatasi ya njugu mkononi mwake, akaikunja akaitia mfukoni. Sheria ilikuwa wazi: kuingia kwenye akaunti ya mtu ni kosa, na kosa la Mutunga likifika mahakamani, jina lake litasomwa kwa sauti, na Kiarie atakuwa ameketi mstari wa mbele. Alikuwa amelitafuta jina hilo tangu asubuhi kwa hamu kubwa, na sasa alipokuwa nalo alitamani asingekuwa nalo. Alimwonea huruma, na zaidi ya huruma alimwogopea.

"Malalamiko niliyopewa ni kwamba akaunti ya Kunguni imefutwa bila idhini ya mwenyewe," alisema hatimaye. "Nimechunguza. Mwenyewe aliomba mara mbili, kwa maandishi. Hivyo ndivyo nitakavyoandika. Mlalamishi hakuniuliza jina, na nina hakika hataniuliza. Na wewe leo ubadilishe hiyo paswadi yako, hata kabla ya kula."

Mutunga alianza kushukuru, Nyawira akamkatiza.

"Bado. Fungua chumba cha mita."

"Mbona?"

"Sasa ni wewe unauliza mbona? Fungua."

Ndani, saruji bado ilinuka. Nyawira aliacha mlango wazi kabisa ili uani waone. Aliokota ile nyundo ya fundi, akampa Mutunga, kisha akapaza sauti ambayo ilifika kwenye mfereji na kupita:

"Wewe keateka! Mimi ni polisi na nakuamuru. Hii plasta inaficha kitu ninachokichunguza. Gonga hapa!"

Wanawake waliacha kufua. Mutunga alimtazama, na Nyawira akaona hasa pale alipoelewa. Akashika nyundo kwa mikono yote miwili akagonga. Pigo la kwanza lilikuwa la woga. La pili halikuwa. La tatu, plasta ikaachia kuanzia juu, ikaporomoka kwa kipande kimoja kikubwa kikavunjika sakafuni, na vumbi lilipotulia ufa ulikuwa pale, mpana kuliko ulivyokuwa kwenye picha. Wanawake walikuwa wamejazana mlangoni sasa, povu la sabuni mikononi, na mmoja akamwita Yesu. Nyawira aliingiza vidole, akaingiza kiganja, akaendelea kusukuma mpaka saa yake ya mkononi ikapotea ndani ya nguzo. Alihisi nondo, na kutu yake ikambakia kwenye vidole. Kwa mkono wa kushoto alitoa simu akaanza kupiga picha.

Hatua nzito zilikuja mbio kwenye korido. Kiarie aliwasukuma wanawake akaingia, kofia imekaa upande.

"Mutunga! Ni nani amekuambia ubomoe nyumba yangu? Ni nani?"

Mutunga alifungua mdomo. Nyawira alimwahi, mkono wake ukiwa bado ndani ya nguzo.

"Ni mimi, mzee," alisema. "Na jina langu la kweli unalo."

Huko juu, kwenye orofa ya tano, fundi mmoja aliyewasikia wanawake wakitaja ufa wa nguzo alichungulia chini, akaweka karai lake, akaanza kushuka. Wenzake wakaiacha mifuko ya saruji wakamfuata.